Jina la Gracjan kwenye Boksi la Zloti Mia Tisa

Niliposhuka kwenye tramu, mvua ya Łódź, mji wa Poland nisioujua, ilinisukuma hadi ndani ya duka la gemu za kompyuta. Gracjan, ambaye baadaye niliambiwa ni mchoraji aliyefukuzwa na kampuni yake kabla gemu aliyoichorea haijatoka, alikuwa akinunua toleo maalumu la gemu hiyo: boksi lenye sanamu na kitabu cha michoro.

"Zloti mia tisa, kaka! Hiyo sanamu inaosha vyombo?" muuzaji, Jolanta, akamtania.

"Nataka kitabu tu, dada. Nimeichorea miaka minne. Nione kama wameniandika."

Akalipa, akalifungua boksi palepale. Misitu aliyoichora ilijaa kurasa kumi na moja za kitabu. Akapitisha kidole kwenye orodha ya majina ya watengenezaji, mara mbili. Lake halikuwemo.

"Likifunguliwa halirudishwi," Jolanta akasema polepole.

"Najua."

Akachukua kofia yake tu, akaliacha boksi kaunta, akatoka mvuani. Mimi na Jolanta tukabaki tukiitazama misitu yake.