Faili la Themanini na Tano

Haya yamenipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa Ihumwa, Dodoma. Kama unadhani mzee amechoka na anaona mauzauza, achana na karatasi hii uendelee na shughuli zako. Sina ugomvi na wewe. Hasira niliyo nayo ina wenyewe, na wa kwanza wao ni mimi.

Nilikuwa mwinjilisti miaka mingi kabla sijastaafu. Sijawahi kukanyaga kwa mganga, na watu waliokuja kunisimulia habari za mizimu niliwakemea, wengine hadharani. Namshukuru Mungu kwa yote, hata kwa magoti haya yanayouma. Nasema hivyo ujue ni mtu wa namna gani anayekusimulia.

Mwaka ule makaburi ya kanisa letu yalitakiwa kuhamishwa. Tangu wizara zianze kujenga kule Mtumba, ardhi ya huku kwetu imekuwa ya barabara na viwanja, na barabara moja mpya ilipimwa ikapita katikati ya makaburi. Tukapewa eneo jingine nyuma ya kilima. Hatukugombana. Lakini misalaba yetu mingi ni ya mbao, mchwa wameshakula majina, na mifupa ikishachanganyika nani atajua huyu ni baba wa nani? Wazee wa kanisa wakanikabidhi kazi ya kupiga picha kila kaburi na kuandika jina la aliyelala pale na ndugu zake waliobaki. Nikakaa na wajane, nikakaa na wajukuu, nikafikisha makaburi themanini na manne. Kila kaburi lilikuwa na faili lake kwenye kompyuta.

Kompyuta yenyewe kuukuu, alinipa binti yangu, na ilikuwa imeanza kujizima ovyo. Kwa hiyo nikanunua diski ya nje, ile unayoichomeka kwa waya, na binti yangu akanielekeza kwa simu namna ya kuweka programu ya kunakili mafaili yote yenyewe kila siku saa saba mchana. Nilichagua saa hiyo kwa sababu ndiyo ninayopumzika, na umeme huwa hausumbui. Diski hiyo ndiyo niliyotakiwa kuwakabidhi wenye mradi wa barabara kabla ya Jumatatu ya kufukua. Wangeifuata kaburi kwa kaburi. Wasipoipata, walisema, watafukua kwa mashine na kuzika wote shimo moja. Walisema hivyo kama mtu anayezungumzia viazi.

Siku ya kwanza, saa saba na dakika chache, nikaona maandishi kwenye kioo: kazi haikukamilika, mafaili 84 kati ya 85. Nikafungua diski. Tupu.

Themanini na tano la nani? Nikahesabu kwenye kompyuta kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Themanini na manne. Kesho yake tena, 84 kati ya 85, diski tupu.

Nikamwita Mama Eliya. Huyu ana duka la vifaa vya shule na kutoa kopi karibu na reli, na kompyuta anazijua kuliko mtu yeyote hapa kwetu. Alikuja na mkoba wake wa bisibisi.

"Shikamoo, Mwinjilisti."

"Marahaba, mama. Tazama ugonjwa wa kitu hiki."

Akaangalia mezani, akacheka. Mke wangu hufunika kila kitu kwa vitambaa vya kufuma, redio, jagi, mpaka jiko la gesi, na diski nayo ilikuwa imefunikwa.

"Hii ni diski au bibi harusi? Mbona mmeivisha shela?"

"Vumbi," mke wangu akajibu. "Dodoma hii, usipofunika unakula vumbi."

"Inapata joto humo ndani, mama, inajizima. Mvueni." Akainama chini ya meza. "Na swichi ya ukutani anazima nani?"

"Mimi," mke wangu akasema. "Kila nikitoka. Tuache umeme uliwe bure?"

"Basi, Mwinjilisti, jini linalokula mafaili yako unalala nalo chumba kimoja!"

Tulicheka sote. Niamini, ndiyo mara ya mwisho niliyocheka wiki ile.

Tukavua kitambaa. Swichi nikaibandika karatasi, USIZIME. Mama Eliya akabadilisha waya, akachomeka tundu jingine, akasafisha virusi. Saa saba ikafika: 84 kati ya 85. Akaifuta diski yote na kuipanga upya. Saa saba ya siku iliyofuata, vile vile. Akaleta diski mpya kutoka dukani kwake, ikiwa bado kwenye boksi. Vile vile. Akasema programu hii haikubali kazi nusu, ikikosa faili moja inafuta yote iliyoyanakili, kwa hiyo tuiache, tunakili kwa mkono. Wazo zuri. Mafaili yakaingia yote, themanini na manne, nikasema asante Yesu.

Kisha tukafungua picha moja kwenye diski kuhakikisha.

Msalaba haukuwepo. Kaburi halikuwepo. Kulikuwa na udongo mtupu, umefagiliwa vizuri, mistari ya fagio ikiwa imepinda nusu mwezi nusu mwezi. Tukafungua ya pili, ya kumi, ya mwisho. Zote udongo uliofagiliwa. Tukarudi kwenye kompyuta, picha zile zile zilikuwa na misalaba yake.

Mama Eliya alichomoa waya taratibu. Hakuwa na utani tena.

"Mwinjilisti, mimi elimu yangu imeishia hapa. Wewe ndiye unayeomba. Omba."

Nikaomba, ndiyo. Lakini nitakuambia ukweli, niliomba kwa hasira. Nilimwambia Mungu, nimekutumikia ujana wangu wote, zimebaki siku mbili wafukuaji waje, na wewe unaniacha nibishane na boksi la plastiki? Nikaamka kwenye maombi nikiwa na hasira zaidi kuliko nilivyopiga magoti.

Na kulikuwa na jambo jingine nililolidharau. Wiki ile nzima, kila nilipotoka alasiri, nilikuta sehemu ya nje ya uzio wangu wa minyaa imefagiliwa. Ndani ya uzio hapana, nje tu. Nikadhani ni majirani wanajipendekeza.

Siku iliyofuata, Jumamosi, saa saba ilipogonga nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta. Taa ya diski ikaanza kumetameta. Na wakati ule ule nikasikia fagio nje. Shwa, shwa, shwa. Nani anafagia saa saba mchana, jua la Dodoma likiwa utosini? Hata mbuzi walikuwa wamelala. Nikatoka na hasira zangu zote.

Nje ya minyaa kulikuwa na mama mzee ameinama, amenipa mgongo, kanga yake imepauka hata maua hayaonekani, mkononi fagio la vijiti.

"Mama, nani amekutuma kufagia kwangu?"

"Sifagii kwako," akasema bila kugeuka. "Nafagia nje."

Nikaona aibu kidogo kwa ukali wangu. Nikamwambia aingie, akae kivulini, mke wangu ampe maji.

"Humo siingii. Ulikataza mwenyewe."

"Mimi? Lini nimekukataza?"

Hapo akanyooka, akageuka. Nikamfahamu. Nikashika minyaa, utomvu wake ukanichuruzika mkononi. Mtu yule nilishuhudia akifukiwa.

"Mwinjilisti," akasema, "mashine yako inajua kuhesabu."

Nilitaka kukemea. Nimekemea maisha yangu yote, maneno ninayo. Hayakuja. Kilichokuja ni swali la kijinga: "Jina lako nani?"

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. "Miaka yote ile nilikufagilia kanisa. Leo ndiyo unauliza?"

Ndani kompyuta ikalia ile sauti yake ya kushindwa. Niligeuza kichwa mara moja tu. Nilipotazama tena hapakuwa na mtu. Kulikuwa na mistari ya fagio, nusu mwezi nusu mwezi, mpaka kwenye minyaa, wala hapakuwa na alama hata moja ya unyayo.

Sasa nikueleze yeye ni nani, na unikasirikie, nastahili.

Alikuwa mke wa pili wa mkulima mmoja wa hapa. Kwa taratibu zetu wakati ule, mke wa pili habatizwi mpaka aachane na mume. Yeye hakuachana, aende wapi na watoto? Lakini kila Jumamosi alikuja kufagia kanisa na uwanja wake, na kila Jumapili alisikiliza ibada akiwa amesimama dirishani, kwa nje. Tulimwita Mke Mdogo. Alipofariki, mumewe aliomba azikwe kwenye makaburi ya kanisa. Wazee wawili walikubali. Aliyesimama akasema hapana, hakuwa mshirika, azikwe nje ya uzio, ni mimi. Nilisema kwa upole, na Biblia kwapani. Na nilipotengeneza orodha yangu nzuri ya kompyuta, nilipiga picha ndani ya uzio, nikafunga kamera, nikarudi nyumbani nikimshukuru Mungu kwa kazi iliyokamilika!

Wenye mradi walikuwa wanafuata orodha yangu. Unaelewa maana yake? Barabara ingepita juu yake.

Sikula mchana ule. Nilikwenda moja kwa moja kwa mke mkubwa, ambaye bado yu hai, macho hayaoni vizuri, ulimi mzima. Nilimkuta anapepeta mtama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuniandika? Mimi sijafa."

"Mama, yule mwenzako. Jina lake alikuwa nani?"

Akaacha kupepeta. 

"Mmemzika kama mbwa nje ya uzio, leo mnataka jina? La kufanyia nini?"

"La kumwandika ahamishwe na wenzake. Mimi ndiye niliyemkatalia, mama. Nimekosa."

"Umekosa, ndiyo." Akarudia kupepeta. "Alikuwa Nyemo. Na usiandike mke mdogo. Alinilelea wanangu nilipougua mwaka mzima. Andika Nyemo."

Nyemo, kwa Kigogo, ni furaha. Nilimkataza mtu mwenye jina hilo asiingie ndani ya uzio, nami nikihubiri furaha kila Jumapili.

Nikaenda makaburini jua likiwa bado juu. Nje ya uzio malori yalikuwa yameshamwaga kokoto, vilima kwa vilima, na nilijua sitapaona. Lakini kati ya vilima viwili palikuwa na kipande cha udongo kama urefu wa mtu, hakina hata jiwe moja. Kimefagiliwa. Nikapiga picha. Nikaketi pale pale kwenye kokoto nikalia kwa hasira, mzee mzima.

Nyumbani nikaandika faili: Nyemo, na watoto wake, na mke mwenzake. Nikalihifadhi. Jumapili tuliporudi kutoka ibadani, saa saba ikafika. Mke wangu na Mama Eliya walisimama nyuma yangu. Taa ikametameta. Mafaili 85 kati ya 85, kazi imekamilika. Tukafungua picha, misalaba yote ipo. Mama Eliya akasema, "Mimi sitatoza hata senti," akaondoka bila kuaga vizuri.

Ungedhani imeishia hapo. Jioni ile nilipompelekea diski mwenyekiti wa wazee wa kanisa aione kabla ya kuwafikia wenye mradi, akapitia orodha, akafika mwisho.

"Huyu wa mwisho mtoe, Mwinjilisti. Hakuwa mshirika. Na kule nafasi ziligawiwa themanini na nne, ukiacha zile tulizotengewa sisi wazee."

Kwa upole kabisa. Na Biblia mezani. Nilikuwa nikisikiliza sauti yangu mwenyewe.

Sijawahi kumpandishia sauti mzee wa kanisa, ila siku ile nilipiga meza hadi vikombe vikaruka. Nikamwambia, ukimfuta huyu, nifute na mimi. Nafasi ipo. Aliyemfungia nje ni mimi, basi achukue yangu.

Akachukua. Jumatatu walimfukua wa kwanza, kwa mikono, na leo Nyemo amelala mstari wa wazee, chini ya msalaba wa saruji wenye jina lake. Mimi nimeandika kwa mkono wangu, watoto wangu wanajua, nikifa nizikwe nje ya uzio. Mwenyekiti amekuja mara tatu kunibembeleza. Simjibu. Namsalimia tu.

Programu bado inafanya kazi kila siku saa saba mchana, haijashindwa tena. Nje ya minyaa hapafagiliwi. Lakini nikisikia fagio popote pale, hata kwa jirani, mkono ule ulioshika utomvu unawasha, na hasira inarudi mpya kama ya jana. Nimeomba iondoke. Siku hizi naomba ibaki.

Wewe unayesoma, una orodha yako mahali fulani, ya ukoo, ya kikundi, ya kanisa. Mashine ikikuambia imepungua mtu mmoja, usikimbilie kubadilisha waya. Toka nje ya uzio kwanza, ukatazame nani uliyemwacha huko.