Mstari wa Karate Haupangwi kwa Umri

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ambayo nimejaribu kuisahau nayo imekataa. Siku hiyo nilisimama miguu mitupu katika ukumbi wa kanisa pale Kitengela, nimevaa nguo nyeupe za karate ambazo bado zilikuwa ngumu kwa upya, na mbele ya watu nikafanya jambo ambalo hata sasa nikilitaja uso wangu unawaka. Nasikia unataka kuanza mazoezi hayo. Basi heri ujifunze kwa aibu yangu kuliko kwa yako.

Unajua wazazi wetu walituacha mapema. Mimi ndiye kifungua mimba, kwa hiyo niliacha shule kabla sijamaliza msingi, nikawa mama na baba wa mdogo wangu Kyalo. Kila alfajiri nilibeba birika la chai na ndoo ya chapati hadi machimbo ya mawe. Wahenga walisema ukubwa ni jaa, kila taka hutupwa kwako. Lakini walisema pia samaki mkunje angali mbichi, na hiyo ndiyo niliyoipenda zaidi. Kyalo akikosea, nilimkunja. Kofi langu alilijua kuliko alivyojua hesabu. Hayo mimi niliyaita malezi.

Akiwa sekondari alianza karate kwa Mwalimu Barasa, mzee mpole kutoka magharibi aliyepanga nyumba karibu na kwetu. Kyalo akapanda mkanda baada ya mkanda hadi akafika wa kahawia, ule unaotangulia mweusi. Yeye mwenyewe ndiye aliyenishawishi.

"Dada, kila siku unatembea na giza ukienda kwa mawe," aliniambia. "Kuja ujifunze hata kujikinga tu."

Nikacheka. Kisha nikaenda.

Sikiliza jinsi mambo yalivyo kule. Ukifika mlangoni unavua viatu na kuinama. Halafu mnapanga mstari, na mstari huo haupangwi kwa umri, wala kwa ndoa, wala kwa nani amemlisha nani. Unapangwa kwa mkanda. Mwenye mkanda wa juu ndiye mkubwa wenu, hata kama jana ulimpangusa kamasi. Mimi wa mkanda mweupe nilisimama mwisho kabisa, kando ya msichana wa darasa la nne aliyeitazama ngumi yangu akatikisa kichwa.

"Anti, umeficha kidole gumba ndani. Ukigonga mtu utajivunja mwenyewe."

Nikakitoa. Kwa mtoto huyo sikuona haya. Ugumu wangu ulikuwa kwa Kyalo. Mwalimu akinirekebisha nilikubali, lakini Kyalo akinikaribia nilimpa lile jicho la nyumbani, naye akapita kama hakuniona.

Kisha Mwalimu akapata kazi Magadi, akamwachia Kyalo darasa. Wazazi walinung'unika. Huyu ni kijana tu, walisema, nani atamwachia mtoto wake? Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza walikuja wenyewe, wakaketi kwenye viti vya plastiki kando ya ukuta ili wampime. Darasa lile lilikuwa kitu cha kwanza chenye maana ambacho Kyalo alipewa na mtu mwingine asiyekuwa mimi. Wazazi wakiwaondoa watoto, angelipoteza. Nilijua hivyo, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma. Nilijua.

Alianza vizuri, sauti yake haikutetemeka. Tukawa tunasonga mbele kwa ngumi moja moja, magoti yamekunjwa, naye akipita katikati yetu.

"Chini zaidi," aliniambia. Nikakunja kidogo. Akaenda mbele, akarudi. "Mkanda mweupe wa mwisho, bado. Kunja magoti."

Hakuniita Dada. Mama mmoja kwenye viti akacheka.

"Kyalo, nimechoka," nikasema.

"Hapa si nyumbani. Rudia kutoka mwanzo."

"Unaniambia mimi? Mimi niliyekufunga nepi?"

Sasa viti vyote vikacheka. "Rudia," akasema tena kwa sauti ya chini, karibu ya kuniomba.

Nikampiga kofi.

Nilikuwa nimemwona kijana yule akikinga mateke ya wanaume wazima kama mtu anayefukuza nzi. Kofi langu lilitoka mbali, tena polepole, naye aliliona likija. Mikono yake ikainuka nusu. Halafu akaishusha, akalipokea.

"Haya," mama yule akasema, "kumbe huyu mwalimu hupigwa!" Akamshika mtoto wake mkono wakatoka, na wengine wakafuata. Kyalo aliniinamia kama tunavyomwinamia mwenzetu zoezi likiisha, akawageukia waliobaki, akamaliza somo. Mimi nilitoka na viatu mkononi.

Nyumbani hakunisemesha vibaya. Aliniwekea chai. Nilipomwambia aseme chochote, alisema tu, "Hapa ungenipiga utakavyo, Dada. Pale ndipo nilikuwa mtu." Akakunja nguo zake za karate, akazisukuma chini ya kitanda. Jumamosi iliyofuata ukumbi haukufunguliwa.

Mwalimu Barasa alipopata habari alipanda kutoka Magadi, akanikuta nikikanda unga. Nilidhani atanifukuza darasani. Aliketi, akaniuliza kwa upole, "Ile ngumi ya kwanza niliyokufundisha, inaenda wapi?"

"Mbele, Mwalimu."

"Halafu?"

"Inasimama kabla haijamgusa mtu."

"Na kofi lako lilisimama wapi?"

Unga ulinikaukia mikononi.

"Angeweza kulizuia," akaendelea. "Lakini angelizuia, watu wangemcheka dada yake. Alichagua wamcheke yeye. Sasa wewe, mkubwa wake, utachagua nini?"

Majuto ni mjukuu, na wangu alifika siku hiyo hiyo. Nilitembea nyumba kwa nyumba nikiwaambia wazazi kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba mwalimu wao alikuwa na haki na mimi sikuwa nayo. Mmoja aliongea nami kupitia dirisha. Vijana wa boda boda walishanipa jina, nikipita walipiga kelele, "Mama Kofi! Usitupige, tunakubeba!" Nilifika hadi Kisaju, kwa nyanya mmoja wa Kimaasai ambaye mjukuu wake alikuwa darasani. Alinisalimu, "Takwenya," nikaitikia, "Iko." Akanisikiliza hadi mwisho. "Mguu wako umekuja wenyewe," akasema. "Mtoto atarudi." Wengine hawakurudi kamwe, na siwalaumu.

Jumamosi Mwalimu alifungua ukumbi, akamleta Kyalo. Tulikuwa wachache. Nilipiga magoti mwisho wa mstari, nikainama hadi paji la uso likagusa saruji, nikasema wote wasikie, "Mwalimu Kyalo, nirudishe mwanzo."

Alikuja akasimama mbele yangu. Kisha akasema, "Simama. Kunja magoti." Nikakunja. "Chini zaidi." Nikashuka hadi mapaja yakatetemeka, na hakunihurumia hata kidogo, nami nikamshukuru kwa hilo.

Darasa likajaa tena taratibu. Leo Kyalo ana mkanda mweusi na watoto wake mwenyewe. Lakini nikiinua mkono ghafla, hata kama ni kuchukua sufuria juu ya kabati, mikono yake yeye hushuka, kama siku ile. Hajui kwamba hufanya hivyo. Mimi najua.

Basi, mwanangu, ukienda kuanza, ukubwa wako uvue mlangoni pamoja na viatu. Ukirekebishwa na aliye mdogo kwako, shukuru, kwa maana anayeanza hana mdogo. Na ukija kumlea mtu, usidhani kwamba mkono uliomlisha umepewa pia uso wake. Kabla hujajifunza kupiga, jifunze kusimamisha mkono. Mimi nilijifunza nikiwa nimechelewa, na aliyelipa si mimi.

Nenda salama. Mungu aimarishe magoti yako na aitulize mikono yako, na wote utakaowalea wakuone ukija wasishtuke.