Abiria Niliyemkuta Nyuma

Nilinunua skuta kwa sababu inakunywa mafuta kidogo, niende zangu kazini bila kusumbuana na mtu. Wiki ileile ya kwanza, nimesimama kwenye taa za Wandegeya, nikaisikia ikididimia nyuma. Nikageuka: mama mzima amekaa kiupande, trei ya mayai mapajani.

"Ssebo, bwana wangu, nipeleke Luzira."

"Mama, shuka! Hii si boda, ni skuta yangu mwenyewe!"

Hakutikisika.

"Sasa kiti cha nyuma umemwekea nani?"

Taa ikawa kijani, magari yakatupigia honi kwa hasira. Nikampeleka Luzira, siamini macho yangu, tena polepole, mayai yasivunjike.