Babeli Iliyogoma Kuanguka Miburani

Nilipokuwa mtoto niliwahi kukwamisha unabii mzima wa Danieli mbele ya kadamnasi, kichwa kimepakwa binzari, kifua kimebandikwa karatasi za pakiti za sigara. Nilikuwa sanamu. Si sanamu hivi hivi: ile aliyoiota mfalme wa Babeli, kichwa dhahabu, kifua fedha, tumbo shaba, miguu chuma, nyayo chuma na udongo. Kila kipande ufalme wake, na falme zote dawa yao jiwe moja.

Igizo alilitunga Mama, nesi mgeni kutoka bara. Hatukuwa tumemaliza mwaka Miburani, na alikuwa amealika majirani wote, Wakristo wachache na Waislamu wengi, akawaahidi kwamba wataiona Babeli ikianguka. Alitaka sana wamzoee. Likiharibika, alisema, uso wake atauweka wapi?

Udongo wa nyayo niliuchota mwenyewe kisimani. Bi Mosi, jirani yetu, akanikuta.

"Shikamoo, Bi Mosi."

"Marahaba. Umepiga hodi?"

"Kwa nani?"

"Kisima kina wenyewe, mwanangu. Udongo wao hauchukuliwi kimyakimya. Watakushika miguu hiyo."

Nikacheka. Mtoto wa nesi nishikwe na kisima!

Alasiri ya igizo nikapandishwa juu ya meza. Vigelegele vikapasuka, mwili ukanisisimka. Rafiki yangu Yohana akarusha jiwe, yaani furushi la makumbi ya nazi. Pwaa, miguuni! Nikajiambia, haya, anguka. Wapi! Nyayo kama zimepigiliwa misumari.

"Anguka wewe!" Mama alininong'oneza nyuma ya pazia la kanga.

Yohana akarusha tena. Nikayumba, nikasimama.

"Babeli, kaza!" mvuvi mmoja akapaza sauti, na uwanja ukalipuka. Huku "Jiwe! Jiwe!", kule "Babeli! Babeli!", watoto juu ya mabenchi. Mama akachungulia, machozi yakimlengalenga. Nabii Danieli hakupata kuaibishwa hivi hata na simba.

Ndipo Bi Mosi akapenya katikati ya watu na kata ya maji, akanimwagia miguuni. "Mgeni huyu, hajui. Mwachieni."

Nikaporomoka na meza yangu, dhahabu ikitangulia! Shangwe hiyo! Wanawake wakamkumbatia Mama, wakambatiza papo hapo jina la Mama Babeli, na tangu siku ile nyumba yetu haikukosa mtu wa kuja kupiga soga.

Nimetembea sana baada ya hapo. Nimepiga picha na nguzo zilizovunjika Roma, nimetokwa jasho mbele ya mawe ya Misri, na kila mahali mtembeza watalii anaeleza ufalme uliangushwa na vita gani, njaa gani, mfalme gani mjinga. Mimi hutazama miguu ya sanamu. Najiambia, hawa nao walichota udongo wa watu bila hodi, ukawashika. Nimeyasema hayo kwenye meza za wasomi, wakatikisa vichwa kwa heshima.

Juzi nikiwa likizo nilimpelekea Bi Mosi falsafa hiyo yote. Kazeeka, lakini ulimi bado mzima. Akanisikiliza mpaka mwisho, akitafuna tambuu.

"Wenyewe wana kazi zao," akasema. "Wewe ulinogewa na vigelegele."