Mtu Hapotei Tena

Sisi wa Lushoto intaneti tuliiona kwanza kwenye kibanda cha video, kabla yenyewe haijapanda mlima. Zama za ruksa hizo, biashara imefunguliwa, mikanda ya video imemwagika kila kona. Na kila mkanda ulikuwa na kijana wa miwani, haogi, halali, anaitwanga kompyuta kama anatwanga kisamvu. Akigonga kidogo tu, mashine inalia pii, na mtu aliyejificha ng'ambo ya dunia anaonekana anakunywa chai. Mtafsiri wetu wa pale kibandani, ambaye Kiingereza chake alikijua yeye peke yake, alishika kipaza sauti akatuapia: "Hiyo ndiyo intaneti. Mtu hapotei tena."

Mama yangu mdogo, aliyekuwa akiuza karanga pale mlangoni, maneno hayo yalimwingia. Mwanawe wa pekee alikwenda Afrika Kusini kutafuta maisha, na tangu aondoke, kimya. Mbele za watu mama mdogo alijifanya ana hasira tu: akitokea huyo, shikamoo yake haipokei mpaka ajieleze. Na kwetu, kunyimwa marahaba na mama yako si mchezo.

Basi kafe ya intaneti ikafunguliwa mjini. Mama mdogo akateremka na kanga mpya, uso umepakwa mafuta unang'aa, mkononi kikapu cha mapeasi, matunda ya kwetu. Alishaamua kwamba akimwona mwanawe, na yeye ataonekana. Nilijaribu kumweleza kwamba intaneti haionyeshi watu hivyo, akaniuliza tangu lini najua kuliko video. Nikamsindikiza.

Dada wa kafe akamwamkia vizuri, kisha akaomba anwani ya barua pepe ya huyo kijana. Mama mdogo akamtazama kwa huruma.

"Ningekuwa najua aliko, mwanangu, ningekuja kwako?"

Kwenye filamu swali hilo haliulizwi. Dada wa watu, kwa kumwonea haya, akasema ajaribu kutafuta jina. Ukurasa ukaanza kushuka mstari mmoja mmoja, tukasubiri mpaka miguu ikafa ganzi, na kabla haujafika katikati, umeme ukakatika. Kwenye filamu dunia nzima inaweza kulipuka, lakini umeme haukatiki ng'o!

Niliwachukia wale watengenezaji wa filamu, wallahi. Walitutisha kwamba mashine zitatutawala, mabomu yatajirusha yenyewe. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kwamba siku moja mama atakaa mbele ya mashine hiyo na kikapu cha mapeasi, amejipamba.

Nikamwambia twende. Hakuinuka. Alinyoosha kanga yake, na zile hasira zote za mlangoni pa kibanda cha video sikuziona tena.

"Asihangaike na shikamoo," akaniambia. "Aseme tu kwamba yupo."

Kisha akakisogelea kile kioo cheusi, akaiitikia kwa sauti ndogo salamu ambayo hakuna aliyeitoa: "Marahaba, mwanangu."