Pick-up niliyochagua kubeba kemper na familia, na watu waliosimama tukipita njia nzima

Wakuu, salaam aleikum. Haya sikusimuliwa, yamenikuta mwenyewe, na mke wangu yuko ubavuni hapa anasoma kila ninachoandika.

Shule niliiacha darasa la tano. Nilianza kwa kuuza madafu Ukunda, leo nina nyumba za wageni Tiwi na malori ya mchanga. Kwa hivyo kwenye magari hakuna wa kunifundisha.

Mzungu mmoja mteja wangu alipohama aliniachia kemper. Kwa wasioijua, ni kijumba chenye kitanda na jiko, kinapandishwa nyuma ya pick-up. Ni kizito, wakuu. Pick-up za kawaida zinapiga magoti.

Nikapata double cab Kombani, kijani, bampa jeupe. Nikaingia chini mwenyewe. Chassis haina kutu, spring zimeongezwa, diesel inanguruma safi. Muuzaji akasema ilikuwa ikisaidia watu vijijini. Sikuuliza zaidi.

Jumamosi asubuhi tukaondoka kwenda Msambweni kwa mamamkwe. Nilitaka aone mkwewe amefika wapi. Watoto wetu wawili wakubwa wakaketi nasi mbele. Riziki, kitinda mimba wetu, akaomba kulala ndani ya kemper, nikamruhusu.

Tulipoiacha Ukunda, wazee waliokuwa nje ya duka wakasimama. Nikapiga honi. Hakuna aliyepunga mkono.

Mbele kidogo wanawake wakavuta leso kichwani. Bodaboda zikatupisha, zikazima injini. Watoto waliokuwa wakicheza wakaushika mpira.

Kila kijiji vivyo hivyo. Kimya.

Nikamwambia mke wangu, unaona heshima hiyo?

"Baba Riziki, hakuna hata mmoja anayetuangalia sisi," akasema. "Wanaangalia nyuma."

Mamamkwe alikuwa barazani akichambua mchicha. Alipoliona lile bampa jeupe, ungo ukamtoka mapajani.

Nikamwamkia shikamoo. Alitushika mikono mmoja mmoja, mimi, mke wangu, wale wakubwa.

"Riziki yuko wapi?"

Mke wangu akaonyesha kemper. Mama wa watu akaketi chini mchangani. Na ana presha, wakuu.

Majirani walishaingia uani. Wanaume wakajipanga pande mbili za mlango wa kemper bila kuambizana, kila mmoja anajua pake. Mmoja akaninong'oneza kwamba pick-up hii ndiyo iliyokuwa ikirudisha maiti kutoka hospitali, vijiji vyote hivi. Akaniuliza kama mtoto ameshaoshwa.

Nikafungua mlango.

Riziki amelala chali, amejifunika leso mpaka usoni kwa sababu ya vumbi. Nikamwita. Kimya. Mimi huyu ninayejisifu hapa, mkono ulikataa kuishika ile leso. Mke wangu ndiye aliyeivuta.

Akafumbua macho.

"Baba, wale watu mbona kila tukipita wanatufuata kwa miguu?"

Kwetu jeneza likipita, unalisindikiza hata hatua chache, ni thawabu. Dirisha la kemper liko nyuma. Mwanangu aliwaona wakimsindikiza, mimi niko mbele napiga honi.

Kemper niliishusha palepale, ipo mpaka leo, kuku wa mamamkwe wanataga ndani.

Pick-up sikuiuza. Nimeiwekea dereva, imerudi kwenye kazi yake, na simtozi mfiwa hata ndururu. Wiki iliyopita ilinipita pale Waa. Nilisimama.

Somo, wakuu: ukinunua gari la kazi, spring zitakwambia limebeba uzito gani, lakini waulize watu wa njiani lilibeba nini.

Mwenye pick-up nyingine imara ya kubeba kemper aniandikie hapa chini. Ila aanze na historia ya gari, injini tutaangalia baadaye.