Moto Uliopanda Kilima

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, huko kwetu nje ya Kanyangi, nilijua kwamba kilima kilichosimama juu ya shamba letu kina wenyewe. Susu, nyanya yangu mzaa baba, aliwaita aimu, yaani roho za wazee waliotutangulia. Alisema asubuhi hukaa bondeni, na jua likishapita utosini hupanda kilima kurudi kwao. Ukiona vumbi linazunguka na kuinua majani makavu, basi ni wao.

"Saa hizo msiwashe moto huku chini," alikuwa akituonya. "Wataubeba waende nao."

Baba hakutaka kusikia habari hizo. Alikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili moja kabla ya siku ninayoisimulia, mhubiri alikuwa amewakemea watu wanaoogopa aimu kuliko Mungu.

Ulikuwa mwezi wa Oktoba. Mvua ilikuwa bado, na nyasi zilikauka hadi zikawa zinavunjikia mkononi. Baba na waumini wenzake wawili walikuwa wamefyeka shamba na kukusanya vichaka ili wavichome. Mchana Susu akaniita, akanipa kibuyu cha uji niwapelekee.

"Mwambie baba yako asiwashe sasa," akasema. "Angoje jioni, aimu wakianza kushuka. Umesikia, Mwende?"

"Nimesikia, Susu."

Njia nzima niliyarudia maneno yale nisiyasahau. Lakini nilipofika, mmoja wa wale wanaume alikuwa akiigiza mganga, anatetemeka na kuongea kwa sauti ya puani, na baba alikuwa akicheka mpaka machozi. Nikaona haya. Baba akapokea kibuyu.

"Susu anasemaje?"

"Anawasalimu," nikajibu.

Wakawasha. Mwanzoni moto ulikuwa mpole, wakawa wanauzunguka kwa matawi mabichi wakipiga gumzo. Kisha upepo ukaja kutoka bondeni, ukausukuma hadi kwenye korongo linalopanda kilima. Mle nyasi zilikuwa kimo cha mtu. Sisi tukipanda mlima tunachoka, lakini moto ule kadiri mteremko ulivyozidi kuwa mkali ndivyo ulivyokimbia, ndimi zake zikiinamia nyasi za mbele na kuzikausha kabla hazijaguswa. Baba alikimbia nyuma yake na tawi mkononi. Ukamwacha.

Juu ya korongo aliishi Kalondu, mjane mwenye nyumba ya nyasi, ghala moja na mbuzi saba. Moto ulipomfikia, aliwahi kuwafungua wanne tu. Mikono yake iliungua hadi kwenye viwiko, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikunyooka tena. Jua lilipokuwa linatua upepo ukageuka, ukaanza kushuka. Moto ukarudi kwenye majivu yake wenyewe, ukafa.

Kesho yake watu wakaanza kuulizana. Susu alikuwa amewaambia wanawake kisimani kwamba moto ukiwashwa mchana ule utapanda. Alijuaje? Kabla ya wiki kwisha ikawa ni yeye aliyeutuma. Wanawake wakaacha kwenda naye kuteka maji.

Aliniuliza mara moja tu, bila ukali. "Ulimwambia baba yako?"

"Nilimwambia, Susu."

Akatikisa kichwa polepole. Tangu siku hiyo hakula tena chakula cha nyumbani kwetu. Aliamini kwamba mwanawe alimsikia, akampuuza, kisha akakaa kimya watu wakimwita mchawi. Baba naye alidhani mama yake amemkasirikia kwa sababu ya kanisa. Miaka sita walisalimiana kama majirani, na mimi nikijua sababu. Susu akafa hivyo.

Sasa nina duka katika mji wa Salama. Kila kiangazi naona moshi kwenye vilima vya Makueni, na siku hizi naelewa: jua la mchana hupasha miteremko, hewa ya moto hupanda, na korongo huivuta kama bomba la moshi. Jioni ardhi ikipoa, hewa hushuka. Susu alikuwa akiutazama upepo huo tangu akiwa msichana, akaupa jina alilofundishwa.

Mwaka jana nilimweleza baba yote. Amezeeka, macho hayaoni vizuri.

"Pengine hata kama ungeniambia, nisingengoja," akasema. "Nilikuwa na kiburi siku zile. Lakini ningejua kwa nini mama aliacha kula kwangu. Ningemwendea."

Nikamwomba msamaha, naye akanisamehe palepale, akaniuliza kama nimekula. Nilikwenda nje nikalia nyuma ya jiko. Msamaha wa baba niliupata kwa sababu nilimkuta hai. Ule wa Susu sina pa kuuombea.